Miguu Imeingia, Tumbo Bado

Ukimpa mwenye ploti kitu chochote chenye waya, hakuulizi kinafanya kazi gani. Anakigeuza tumbo juu kwanza, kama mama anayekagua mtoto wa jirani kama ana upele, anakisogeza mwangani, anafumba jicho moja, na hapo ndipo anapoanza kukudharau.

Nilipanga kwake Nyakuron, hapa Juba, miaka ya kutosha kumjua, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimemkasirikia. Niseme hilo mapema ili mtu asifikiri naandika sifa za mazishi. Yuko hai, na bado ananiudhi.

Vyumba vyake vilikaa pande mbili za ua, milango ikitazamana, na mwisho wa ua chini ya bati palikuwa na jenereta. Stima ya mji ilikuwa haijatufikia. Jenereta ilikuwa yake, waya zilikuwa zake, na sheria ilikuwa yake: hakuna kitu kipya kinachochomekwa ukutani kabla hajakisoma. Redio, pasi, chaja, hata taa za Krismasi. Unakuja, unasimama barazani, unangoja. Wapangaji tulimwita Haboba, yaani nyanya, kama Juba nzima inavyomwita mwanamke wa umri wake, ingawa hakuwa na uso wa nyanya wa mtu yeyote.

Ukimbizini alikuwa Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko, njiani na sokoni. Mimi changu nilifundishwa Eldoret mpaka kidato cha nne. Mwanzoni nilijaribu kumsahihisha.

"Si kitu iko, Haboba. Ni kitu kipo."

"Wewe umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi imefika. Ingine ni maringo."

Kitu kimoja alichokuwa nacho, na alijua anacho, wala hakuona haya kujisifu, ni kwamba angeweza kukuambia ulikokimbilia vita kwa kuangalia plagi yako. Mpangaji mpya akishusha mizigo, Haboba hamsalimii. Anachukua waya wa televisheni, anaangalia miguu. Ikiwa mitatu ya mraba, minene, "Hii ni Kampala ama Nairobi." Ikiwa ya duara, "Khartoum. Karibu." Miguu miwili bapa, myembamba, kama meno ya mbele ya mtoto, "America. Iko na taabu hii, weka kando." Siku moja akaja baba mmoja aliyerudi kutoka Australia na feni yake. Miguu ya plagi ilikuwa imelala upande, huu huku na huu kule, kama nyusi za mtu aliyefiwa. Haboba akaitazama sana.

"Huko watu wanalia?" akamuuliza.

"Wapi, Haboba?"

"Ulikotoka. Ona sura ya plagi yao."

Yule baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini feni ilikubaliwa. Tumbo lake lilisomeka vizuri.

Barazani alikuwa na ubao aliopigilia soketi za kila aina, alizozikusanya kwa waliohama na waliokufa. Tundu za mraba, za duara, hata moja ya Australia aliyoifungua kwenye ekstensheni ya yule baba. Hapo ndipo tulipochaji simu, wote pamoja, waya zimening'inia kama mbuzi wamefungwa. Tukianza kugombana nani atangulie, na ugomvi wa Juba ukishaanza mnajua unakoelekea, alikuwa anapiga ubao kwa kijiko. "Hapa hakuna kabila. Hapa iko matundu tu. Kila mtu aingie kwa tundu yake."

Msemo wake mwingine ndio niliouchukia zaidi, kwa sababu ulikuja kunipata mimi. "Mguu imeingia, tumbo bado." Maana yake aliieleza kwa kila mpangaji kana kwamba ni Injili. Adapta, ile ya sokoni, inabadilisha miguu tu. Ni kiatu. Unaweza kumvalisha mtu kiatu cha nchi yoyote, lakini chakula kinaingia tumboni, na tumbo limeandikwa kwenye mgongo wa kitu chenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Ukiona volti mia moja mpaka mia mbili arobaini, hilo tumbo linakula kokote, na chaja nyingi za simu na kompyuta ziko hivyo. Ukiona mia moja ishirini peke yake, hicho ni kitoto cha Amerika. Ukuta wetu unatoa mara mbili ya hiyo. Utakilisha, kitapasuka.

Kulikuwa na jirani mmoja, kijana wa ofisi kubwa, suti kila siku hata kwenye joto la Machi. Ndugu yake alimletea sufuria ya stima ya kupikia wali kutoka Amerika. Hakuipeleka barazani. Alisema amesoma, hahitaji kukaguliwa na mwanamke mzee. Akavalisha adapta, akachomeka, tukiwa tunatazama mpira kwa jirani wa pili. Sufuria ilinguruma, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, na ploti nzima ikazima, na mpira ukaenda nao. Haboba hakupiga kelele. Alimkalisha barazani na ile sufuria mapajani, na kila aliyepita alilazimika kuuliza, "Hiyo ni nini?" na yeye alilazimika kujibu. Alikaa hapo na suti yake mpaka jua likazama. Sufuria ile baadaye Haboba aliipandia mchicha.

Msimwone mtu wa sayansi. Aliamini taa ya sola ikiachwa nje mwezi ukiwa mpevu inajaza mwanga wa uongo na itakuzimikia katikati ya kula. Aliamini ukizungumza na simu ikiwa kwenye chaja isiyo yake, kichwa kitauma upande wa chaja. Na yeye mwenyewe, aliyetulinda hivyo, birika lake la chai halikuwa na plagi kabisa. Plagi ilikuwa imeungua zamani, akaikata. Alikuwa anachukua zile waya mbili zilizo uchi, anazisukuma kwenye tundu za soketi, na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Nilimwona mara ya kwanza nikadhani macho yangu yananidanganya.

"Haboba, hiyo itakuua."

"Hii na mimi tunajuana."

"Ukimkuta mwingine anafanya hivyo?"

"Nafukuza."

Hakuna aliyeruhusiwa kugusa birika lile. Hata kulisogeza.

Sasa nifike kwa mtoto wangu, maana ndiye sababu ya haya yote. Viola alikuwa na miaka minne na kifua chake kilikuwa kinafunga. Vumbi la Januari, moshi wa takataka za majirani, na zaidi ya yote moshi wa jenereta ya Haboba, ambayo bomba lake lilielekea dirisha letu. Nilimwambia mara ngapi aisogeze. "Moshi inaenda juu kwa Mungu," alisema. Mimi nikaona unakwenda kwa mtoto wangu, na kila jenereta ilipopigwa kamba kuwashwa, nilikimbilia kufunga dirisha. Kifua kikifunga, nilimbeba mbio kwa bodaboda hadi kliniki, wakamwekea mashine ile inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu, anavuta kwa kifuniko usoni, anarudi duniani. Kama mashine ya kliniki ilikuwa na stima siku hiyo. Kama haikuwa nayo, tuliketi tukingoja, nami nikihesabu mbavu zake zikiingia ndani.

Dada yangu yuko Amerika. Nilimlilia kwa simu, akanunua mashine hiyo hiyo, ndogo, ya bluu, akaipatia mtu wa kanisa aliyekuwa anakuja nyumbani. Ilinifikia Jumamosi asubuhi. Niliibusu. Dawa yake kliniki walikwishanipa. Miguu ya plagi ilikuwa ile miwili bapa, kwa hiyo nikaenda soko la Custom, kwa muuza adapta mmoja Mganda mwenye meza imejaa.

"Nyabo, chukua hii. Inaingia dunia nzima."

"Hata kwa ya Amerika?"

"Hata ya mwezini."

Nikarudi. Barazani sikupita. Mnielewe vizuri: sikusahau sheria. Viola alikuwa ameanza kupiga mluzi kifuani kwa sababu majirani walikuwa wamechoma plastiki, nami sikuwa na muda wa kusimama kwenye foleni ya kudharauliwa. Niliweka dawa, nikamfunga kifuniko usoni, nikachomeka, na kidole kilikuwa kwenye swichi ya mashine wakati ploti nzima ilipozima. Haboba alikuwa ameona ile mashine ya bluu mkononi mwangu nikikatiza ua. Alikuwa amekata stima kutoka kwenye jenereta yenyewe. Akaingia chumbani kwangu bila hodi.

"Ya bit, wewe msichana, chomoa."

"Haboba, mtoto hapumui."

"Naona. Chomoa."

Akaigeuza mashine, tumbo juu, akanisogezea usoni. "Soma."

"Mia moja ishirini."

"Kwa ukuta iko ngapi?"

"Nimeweka adapta, Haboba."

"Umeweka kiatu. Mguu imeingia, tumbo bado. Ikikufa hii, utaleta ingine lini? Mtu wa kanisa anakuja kila wiki?"

Nilimtukana. Nilitumia Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Eldoret, na maneno ya mtaani ambayo mwalimu wangu wa Kiswahili asingependa kuyasikia. Nilimwambia mtoto wangu akifa atamzika yeye, na jeneza atalinunua yeye, na jenereta yake tutaizika pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Malesh, pole," akasema. "Kwanza mpeleke kliniki, matusi itangoja." Na mashine yangu, ile ya bluu, akaiweka kwapani na kutoka nayo.

Kliniki siku hiyo stima ilikuwepo. Viola alivuta, mluzi ukapungua, akaomba biskuti. Nilirudi naye mchana na nikaenda moja kwa moja kwa Haboba kuchukua mali yangu. Mlango ulikuwa na kufuli. Hakuna aliyejua alikoenda. Nilikaa barazani, mtoto mapajani, mahali pale pale pa kijana wa sufuria, nikimngoja kwa hasira ambayo sijui niiseme vipi. Mtu anakunyang'anya pumzi ya mtoto wako, anaifungia ndani, anaondoka matembezi. Nilikuwa nimeshachagua jiwe la kuvunjia kufuli.

Alirudi jua likishuka, kwenye kiti cha mbele cha lori la mizigo, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alikuwa ametoka Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, wanakosimama malori. Mapajani alikuwa na kisanduku cha chuma, kizito kama jiwe la kusagia, na dereva ndiye aliyemsaidia kukishusha.

Haya niliyajua baadaye. Nesitu kuna mzee anayeuzia madereva soda za baridi kutoka kwenye friji kubwa la Kiamerika, lililoachwa na wageni waliokuwa na kambi hapo. Kila mtu anayepita anaona soda. Haboba, miaka mingi kabla, akirudi kutoka Uganda na magodoro yake juu ya lori, aliona plagi. Miguu miwili bapa na wa tatu wa duara. Akajiuliza inakulaje hapa, akafuata waya, akakuta kisanduku. Hicho ndicho kinachopokea nguvu ya ukuta wetu na kuipunguza nusu. Na hakusahau. Anasahau majina ya wajukuu wake lakini hicho hakukisahau.

Yule mzee hakutaka kukitoa, na nani angetaka. Kwa hiyo Haboba alimpa friji lake mwenyewe, la miguu ya mraba, linalokula chakula cha hapa, na lori lile lile lililomleta ndilo lililopeleka friji kesho yake. Na msidhani alifanya hivyo kimya kama mtakatifu. Tangu siku hiyo kila alipokunywa maji alikuwa anayashika juu ili niyaone. "Ya moto," anasema. "Lakini mtoto iko salama. Mimi nakunywa ya moto."

Siku hiyo barazani hakuniruhusu niguse chochote kabla hajasoma. Kisanduku: upande gani unaingia, upande gani unatoka. Kinabeba wati ngapi, na mashine inakula ngapi, kwa sababu kisanduku kidogo kikibebeshwa mzigo mkubwa nacho kinaungua. Kilikuwa kimebeba friji, kwa hiyo mashine ya Viola kwake ilikuwa kama unyoya. Kisha akanishika mkono.

"Iko jambo moja hii sanduku haiwezi. Stima ya kwao inatetemeka haraka kuliko yetu. Mota yake imezoea hiyo. Hapa itacheza pole pole, itapata joto. Dawa ikiisha, zima. Ipumzike. Usiache inazunguka bure kama redio."

"Sawa, Haboba."

"Sema tena."

"Dawa ikiisha, nazima."

"Kalas, basi. Chomeka."

Nilibonyeza swichi. Mashine ikanguruma, nzito kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Halafu ukungu ukatoka. Viola aliketi kati ya miguu yangu, kifuniko usoni, akinitazama kwa macho tu, na nikahisi mgongo wake unalegea dhidi ya tumbo langu, kidogo, kidogo tena, mpaka akawa mzito kama mtoto anavyotakiwa kuwa mzito. Nililia, na nilipomaliza kulia nikamwambia Haboba bado nimemkasirikia, angeweza kunieleza anakwenda wapi.

"Ningekueleza, ungekubali nichukue mashine?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa sogeza jenereta."

Nilimwona akilitafuta neno la Mungu na moshi, lakini mtoto alikuwa pale mbele yake, kifua kikipanda na kushuka. Wiki ile jenereta ilihamia nyuma ya vyoo, na bomba refu likielekea barabarani. Alisema ni wazo lake. Nikamwachia.

Tulipohamia Gudele alinipa kisanduku bila sherehe, akanikumbusha friji. Viola sasa yuko shule, anasoma kila kitu, mpaka maandishi kwenye magunia ya unga. Kifua kinamsumbua mara chache, mwanzo wa vumbi, na mashine iko kabatini, kisanduku chini yake.

Mwaka huu nikasikia Haboba naye kifua kimemshika. Miaka yote ile kando ya jenereta, akiipiga kamba, akiinusa kama ina mafuta. Kliniki wamempa dawa ya ukungu lakini mashine ya kwenda nayo nyumbani hawana. Nikanunua kifuniko kipya cha mtu mzima, nikafunga mashine na kisanduku kwenye kanga, nikamchukua Viola, tukaenda.

Stima ya mji sasa imefika Nyakuron. Jenereta imelala, kuku wanaitagia. Yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka kwa namna ninayoijua. Nilimwambia, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, "Nilikwambia moshi hauendi kwa Mungu."

"Inapitia hapa kwanza," akasema, akigusa kifua, akijaribu kucheka.

Nilipoinua waya nichomeke, aliinua kiganja. Simama. Hakuwa na pumzi ya kusema, kwa hiyo akageuza ule mkono, chini juu. Tumbo.

Macho yake yameingia ukungu, hasomi tena. Viola akaigeuza mashine. "Mia moja ishirini, Haboba."

Mkono ukaelekeza kisanduku.

"Inaingia mia mbili arobaini. Inatoka mia moja na kumi."

Haboba akasogeza vidole viwili karibu karibu. Inatosha. Nikawasha. Mashine ikasafisha koo, ukungu ukatoka, naye akavuta, macho yamefungwa. Nilikaa kitandani kando yake nikiangalia mabega. Yalichukua muda. Kisha lile la kushoto likashuka, na la kulia, na shingo ikaonekana tena, na mimi nikaegemea ukuta, nikiwa nimechoka kama niliyebeba mtu.

Birika lilikuwa sakafuni, waya mbili uchi, njiti za kiberiti pale pale. Nilikuwa nimekuja na plagi mpya kwenye mkoba. Nikalichukua bila kuomba, nikamenya waya, nikaanza kukaza skurubu kwa kisu cha jikoni. Alifungua jicho moja. Nilingoja aseme. Dawa ilikuwa inaelekea kuisha ndipo alipovuta kifuniko chini ya kidevu.

"Hiyo plagi imetoka wapi?"

"Custom."

"Nani amesoma?"

"Mimi, Haboba. Vuta dawa."

Akanyoosha mkono na hakuurudisha. Nikampa plagi na birika lake likining'inia. Akapapasa miguu mitatu ya mraba mmoja mmoja kwa kidole gumba, akaigeuza, kisha akampa Viola.

"Ampea kumi na tatu," Viola akasoma. "Mia mbili hamsini."

Haboba akafikiri. Alichukua muda mrefu kuliko kitu kile kilivyohitaji.

"Kweis, iko mzuri," akasema, akirudisha kifuniko usoni. "Zima hii mashine, dawa imeisha. Halafu weka chai."